Bakteria kujenga utando si kubadilika jeni

Samaki wakianza kufa kwa vizimba huku Kisumu na dawa ikatae kushika, utasikia tu "hao bakteria washabadilika jeni", wafugaji wanasema, wauza dawa nao wanasema, na si lazima iwe hivyo, alafu hilo kosa linawamalizia watu pesa.

Maana yenyewe ni fupi. Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza kitu. Jeni kujidhihirisha ni jeni kusomwa, ikanakiliwa kuwa RNA, yaani nakala ya kutumia, kisha protini ikatengenezwa. Utando, au bayofilamu, ni bakteria walioshikana juu ya kitu kama nyavu, ukuta wa tangi ama hata matamvua ya samaki, wakajifunika ute wao wenyewe wa sukari, protini na DNA.

Sasa shida iko hapa. Chukua bakteria anaitwa Aeromonas hydrophila, anayesumbua sana ngege na kambare. Akiwa majini ana mkia na anaogelea. Akishika nyavu, ndani yake kunapanda kemikali inaitwa c-di-GMP, jeni za kuogelea zinapunguzwa kusomwa, za kutengeneza ute zinaongezwa kusomwa, na wakishakuwa wengi wanasikiana kwa vimolekuli vidogo wanavyotoa wenyewe. DNA ni ile ile. Ni kama mvuvi wa Dunga hapa Kisumu mwenye nyavu na jembe nyumbani, akitoka na jembe leo haimaanishi ameuza nyavu. Mabadiliko ya jeni ni kitu kingine kabisa, hapo herufi zenyewe za DNA zimebadilika na kizazi kinachofuata kinarithi. Lakini aliyekuwa kwa utando tu, akitoka anaweza kurudi kuogelea, na dawa iliyoshindwa kumuua jana ikamuua.

Ndiyo maana majibu ya lab yanachanganya watu. Karatasi inasema dawa inaua, kwa tangi haiui, watu wanalaumu lab, na lab haijakosea, kawaida inapima bakteria wasio kwa utando. Ndani ya utando wengi wamepunguza kukua, na dawa nyingi zinashika vizuri seli inayokua, kwa hivyo wanaweza kuvumilia dawa hata mara 1,000 kuliko wale wanaoelea. Hakuna jeni mpya hapo.

Usugu ulio kwa jeni upo, sikatai. Aeromonas karibu wote hawasikii dawa ya ampisilini, hiyo wamezaliwa nayo. Na ukiendelea kumwaga dawa juu ya utando unaweza kuuleta usugu mwingine wewe mwenyewe, maana kati ya waliobaki hai, mwenye jeni iliyobadilika ikamfanya avumilie dawa ndiye anazaana, tena wamebanana humo na wanapeana vipande vya DNA kwa urahisi.

Kwa hivyo ukiona dawa imekataa, tafadhali usianze na "wamebadilika jeni", sema kwanza huenda wamejenga utando, toa nyavu uzisugue na uzianike juani, sugua na tangi, alafu hiyo ya jeni uiache mpaka lab iipime.