Fedha za filamu Argentina: yanayosemwa na yalivyo

Javier Milei aliapishwa kuwa rais wa Argentina tarehe 10 Desemba 2023, na INCAA, taasisi ya umma inayofadhili filamu za nchi hiyo, ikawa miongoni mwa za kwanza kukumbwa na panga la kubana matumizi. Muswada wake mkubwa wa mageuzi ulitaka kuiondolea vyanzo vyake vya mapato. Muswada ulipokwama bungeni Februari 2024, serikali ikapitia mlango mwingine, wa maagizo ya kiutawala. Machi mikataba ya wafanyakazi wa muda wapatao 170 ikakatishwa na misaada kwa matamasha ikasimamishwa. Aprili shughuli zikasitishwa kwa siku 90 kwa maelezo kwamba taasisi inapangwa upya. Tangu hapo maneno ni mengi, na baadhi yamerudiwa mpaka watu wenye nia njema wanayachukua kama yalivyo.

"Fedha hizo zilikuwa chakula cha watoto wenye njaa"

Kauli hii ndiyo iliyoumiza zaidi, na ilitoka serikalini kwenyewe. Mikato ilipotangazwa, tamko rasmi lilisema imekwisha miaka ya kugharimia matamasha ya filamu kwa njaa ya maelfu ya watoto. Katika nchi ambayo takwimu za serikali za nusu ya kwanza ya 2024 zilionyesha zaidi ya nusu ya wananchi ni maskini, nani atasimama kuitetea kamera mbele ya sahani tupu?

Lakini fedha zenyewe zinatoka wapi? Kwa sheria ya mwaka 1994, asilimia 10 ya bei ya kila tiketi ya sinema inayouzwa Argentina huingia kwenye mfuko wa filamu. Fungu jingine kubwa ni sehemu ya tozo wanayolipa wenye vituo vya televisheni na redio. Mtu wa Rosario au Córdoba anayekwenda kutazama filamu ya mashujaa kutoka Hollywood, ndani ya tiketi yake ileile amechangia filamu ambayo pengine itapigwa mtaani kwake mwaka kesho. Sinema kubwa inailisha sinema ndogo; huo ndio msingi wa mpango wote. Fedha hizo hazikuchotwa kwenye fungu la hospitali wala la uji wa shuleni, na mwaka 2022 Bunge lilithibitisha utaratibu huo kwa miaka 50 zaidi.

Wanaoiita INCAA masalia ya ujamaa wakumbuke pia kwamba sheria ya 1994 ilipitishwa wakati wa Carlos Menem, rais aliyebinafsisha reli, simu na mafuta, ambaye Milei mwenyewe humsifu hadharani na amemwekea sanamu ya kichwa ndani ya Ikulu.

"Mwongozaji hupewa hela ya filamu nzima, akale"

Aliyewahi kuhangaika na bajeti ya filamu hawezi kusema hivi. Ruzuku ya INCAA hufidia sehemu tu ya gharama, na kiasi kikubwa hulipwa kwa awamu, mara nyingi kazi ikiwa imeshafanyika. Mtayarishaji hutafuta mshirika Hispania au Ufaransa, huomba kwenye mfuko wa pamoja wa nchi za Kihispania na Kireno uitwao Ibermedia, hukopa, huwaomba mafundi wasubiri malipo. Halafu kuna mfumuko wa bei. Mwaka 2023 ulifikia asilimia 211. Awamu iliyoidhinishwa Januari ikilipwa Desemba, imebaki kama theluthi tu ya thamani yake, na fundi wa taa bado anadai ujira wake.

"Hakuna anayezitazama"

Hapa pana ukweli ndani yake, na ni haki kuusema. Kabla ya korona Argentina ilikuwa ikitoa filamu zaidi ya 200 kwa mwaka, na nyingi zilipata watazamaji wachache sana. Kujadili kama idadi hiyo ilikuwa kubwa mno ni halali kabisa. Ila tusiiruke habari ya kumbi. Kumbi nyingi ziko mikononi mwa makampuni makubwa yanayofuata ratiba ya filamu za Marekani, na filamu ya nyumbani ikipewa saa nane mchana siku ya kazi, haiwezi kujaza viti.

Ndiyo maana INCAA ilikuwa na kumbi zake. Mama wa kumbi hizo ni Cine Gaumont, mkabala na uwanja wa Bunge, Buenos Aires, ambako tiketi ni rahisi kuliko pengine popote jijini. Inaitwa Kilomita 0, na kumbi nyingine za mtandao huo zimepewa namba kwa umbali kutoka hapo, mpaka kusini kabisa mwa nchi. Mbele ya Gaumont ndipo watu wa filamu na watazamaji wao walipoandamana Machi 2024, na polisi wakawatawanya kwa nguvu.

"Netflix itaziba pengo"

Mfano unaotolewa ni El Eternauta, tamthilia ya Netflix ya mwaka 2025 iliyopigwa Buenos Aires na kutazamwa dunia nzima. Waungaji mkono wa serikali walisema: mnaona, imewezekana bila INCAA. Mimi nauliza tu watu walioitengeneza walijifunzia wapi. Mwongozaji wake, Bruno Stagnaro, alianza na filamu ndogo ya vijana wa mitaani ya 1998, iliyozaliwa kwa msaada wa INCAA. Chuo cha filamu cha taasisi hiyo, ENERC, husomesha bure. Jukwaa la mtandaoni huja kuajiri mafundi walio tayari. Kazi ya kuwalea kwa miaka 20 si yake, na hailipi chochote katika mfuko uliowalea.

"Kufunga ofisi ni kuokoa hela"

Si lazima. Uingereza ilitangaza Julai 2010 kuivunja UK Film Council, baraza la umma lililokuwa likifadhili filamu za nchi hiyo. Wakaguzi wa hesabu za serikali walikuta uamuzi haukutanguliwa na hesabu ya faida na hasara, na kufunga kwenyewe kuligharimu takriban pauni milioni 11. Wiki chache kabla milango haijafungwa mwishoni mwa Machi 2011, The King's Speech, filamu ambayo baraza hilo liliiwekea pauni milioni 1, ilishinda Oscar ya filamu bora.

"Angalau Muargentina amepunguziwa mzigo"

Kwa hili sina subira. Matumizi ya INCAA yamekatwa, lakini tozo ya tiketi haikufutwa. Mwaka 2024 mtazamaji aliendelea kulipa asilimia 10 ileile dirishani, huku miradi mipya ikiwa imesimama na waongozaji wakihamia matangazo ya biashara au nchi nyingine. Aliyeambiwa kwamba amepumzishwa kuzilipia filamu aliendelea kuzilipia, ila mpya hazikuanzishwa.