Garanti haiishi

Juzi, ndani ya lupango (kiwanja chenye nyumba za kupanga) moja pale Katuba, Lubumbashi, nilisikia tena bayere, yaani mwenye nyumba, akimwambia mpangaji wake: "Mama, garanti yako ilishaisha. Kuanzia mwezi wa saba nyumba ni dola mia moja, na ulete garanti ingine." Mama akajibu, "Njo vile papa, nitatafuta." Mimi nilikuwa nimeingia kuchaji simu tu, nikanyamaza.

Garanti ni feza ambayo mpangaji anamwachia bayere siku ya kuingia, ili akihama na deni, iwe kodi, fakiture ya SNEL (kampuni ya umeme) au mlango uliovunjika, bayere asibaki na hasara. Akihama bila deni, anarudishiwa. Kwa nyumba ya kukaa, sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema isipite kodi ya miezi 3.

Sasa neno lenyewe. Tumelipata kwa Wafaransa, nao walilitoa kwa garant, mtu anayesimama nyuma ya ahadi ya mwenzake. Garant nayo ilitoka kwa Wafranki wa zamani, ambao kwao ilianza na sauti ya w. Mdomo wa Kifaransa ukaigeuza w kuwa g. Wanormandi waliovuka kwenda Uingereza wakabaki na w yao. Ndiyo sababu Mswahili wa pwani, aliyekopa kwa Waingereza, anasema waranti, na sisi tunasema garanti: mtoto wa mama mmoja, aliyefika kwa njia mbili. Na kabla ya wote hao Kiswahili kilikuwa na dhamana na amana, yote mawili kutoka Kiarabu. Mtu akikuachia amana, hata mbuzi, huwezi kumwambia baada ya mwaka kwamba mbuzi wake "ameisha" wakati wewe ndiye uliyemchinja.

Kodi ndiyo inayoisha. Unalipa ya mwezi wa tano, mwezi wa tano unapita, imeisha. Garanti hailipi mwezi wowote. Hata miaka saba ikipita, iko palepale.

Najua kosa linatoka wapi. Linatoka kwa ile "kula garanti": bayere anakupa preavi, yaani taarifa ya kuhama, wewe unaogopa hatarudisha kitu, basi unakaa miezi ya mwisho bila kulipa mpaka mhesabiane sawa. Simlaumu anayefanya hivyo, wabayere wengi wameshajenga ukuta kwa garanti za watu. Lakini hayo ni mapatano ya kuhama. Mama wa Katuba hahami.

Yeye alinionyesha baadaye karatasi yake, ukurasa wa daftari la shule uliokunjwa mara nne: nyumba dola 80, garanti miezi tatu, dola 240, sahihi mbili. Bayere akipandisha hadi 100, anaweza kusema miezi tatu sasa ni 300, tuzungumzie hizo 60. Hilo lina hesabu ndani yake, hata kama mama anaweza kulikataa. Lakini "imeisha, leta ingine" ni kumlipisha mara mbili, maana angekuwa na 540 mkononi, na sheria inaishia miezi 3.

Kupandisha kodi kwenyewe ni jambo lingine, na wengi wanalichanganya na garanti makusudi. Bei iliyoandikwa kwenye mkataba unaoendelea haibadilishwi na mtu mmoja. Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani hivyo na bado inatumika, inasema kwenye kifungu cha 33 kwamba mkataba ni sheria kwa waliouweka, na hauvunjwi ila kwa kukubaliana au kwa sababu ambazo sheria inaruhusu. Wasipokubaliana, wanaenda kwanza kwenye serivisi ya abita (ofisi ya makazi) ya komini kupatanishwa, halafu ndipo tribinali. Karatasi ya daftari inatosha kuanzia, hasa ikiwa imeandikwa dola au franga, maana "240" peke yake italeta ugomvi mwingine.

Kwa hiyo bayere akirudi mwezi wa saba, mama asimjibu "nitatafuta". Amwambie polepole, bila kelele: "Papa, garanti yangu iko kwako. Tuzungumze feza ya nyumba."