Maana ya rizini ya kuziba meno inayogandishwa kwa mwanga

Rizini inayogandishwa kwa mwanga ni mchanganyiko laini, wenye rangi ya jino, ambao daktari wa meno huushindilia kwenye tundu la jino lililooza na kuumulika kwa taa ya bluu hadi uwe mgumu. Mkoani Tabora, hususan Nzega, ambako wengi wanaijua zebaki kwa kazi ya kuchenjua dhahabu, inafaa ifahamike kuwa amalgamu, dawa ya kuziba ya siku nyingi, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Rizini haina zebaki.

Msingi wake ni monoma, yaani molekuli ndogo zinazoweza kuungana. Iliyo maarufu zaidi ni Bis-GMA, iliyobuniwa na Rafael Bowen wa Marekani na kupewa hataza mwaka 1962. Ndani ya monoma hizo hutiwa chembe za kioo au silika, ambazo hufanya kazi ya kokoto katika zege. Kiasi kidogo cha kamforakwinoni, kitu cha rangi ya njano, hufyonza mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 470 na kuanzisha mfululizo wa miungano unaozigeuza monoma kuwa polima ngumu, yaani minyororo mirefu ya molekuli zilizoungana.

Ugumu wa kutengeneza dawa hii uko hapo hapo kwenye kuganda. Monoma zinapoungana husogeleana, ujazo ukapungua kwa asilimia 2 hadi 3 hivi, na ukingo wa dawa ukaweza kuachana na jino. Bakteria hupenya kwenye ufa huo na jino likaendelea kuoza chini kwa chini. Watafiti hupunguza kusinyaa huko kwa kutumia monoma kubwa zaidi au kuongeza chembe, lakini chembe zikizidi dawa huwa nzito na haishindiliki vizuri, kwa hiyo kila mafanikio upande mmoja yana gharama upande mwingine.

Mwanga nao haufiki mbali, ndiyo maana rizini ya kawaida huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, na kila tabaka humulikwa peke yake. Umeme ukikatika na betri ya taa ikadhoofika, juu panaweza kukauka kabisa ilhali chini pamebaki laini, na si daktari wala mgonjwa anayeweza kulibaini hilo kwa macho. Kwa maoni yangu, kliniki inayonunua rizini inunue pia kipimo cha nguvu ya taa.