Kirusi Kigeni Hutambulikana kwa Lafudhi

Mwaka 2004 Lamu ilishikwa na homa iliyowakunja watu viungo. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilikadiria kwamba watu 3 kati ya 4 walikuwa wameambukizwa. Ilikuwa chikungunya, jina lililotoka kwa Wamakonde. Ukame uliwafanya watu waweke maji majumbani, na mbu wakazaliana humo humo. Kirusi chenyewe kilikuwa kinajulikana tangu miaka ya 1950, kwa hiyo maabara zilikuwa na la kutafuta. Je, kikija kisichokuwa na kipimo?

Hapo vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli ya mgonjwa husomwa. Mashine hutoa mamilioni ya vipande vilivyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Vingi ni vya mgonjwa mwenyewe. Jenomu, yaani maandishi yote ya vinasaba, ya chikungunya ina herufi zipatazo 12,000 tu, ya binadamu bilioni 3. Kwa kawaida kila kipande hulinganishwa na virusi vilivyokwisha kusomwa. Kisipofanana na chochote, huachwa bila jina.

Ujifunzaji wa kina, tawi la akili mnemba, una njia nyingine. Keti barazani Lamu usikie mtu nyuma ya ukuta akisema "yana" kwa jana, "moya" kwa moja. Humjui, hujamwona, lakini umeshajua ni Mwamu. Programu nayo huoneshwa maelfu ya vipande vya virusi na visivyo vya virusi, ikakosea, ikasahihishwa, hadi ikashika mpangilio wa herufi unaojirudia upande mmoja kuliko mwingine. Programu ya ViraMiner, iliyotolewa mwaka 2019, hufanya hivyo kwa vipande vya herufi 300 kutoka sampuli za binadamu, na hutoa alama kati ya 0 na 1 ya uwezekano kwamba kipande ni cha kirusi.

Alama hiyo ni tuhuma, si hukumu. Kwa neno moja tu hata mzee wa Mkomani, mtaa wa Lamu, anaweza kumdhania mtu sivyo, na kipande kifupi huidanganya programu vivyo hivyo. Isitoshe, miili yetu ina mabaki ya virusi vya kale ndani ya vinasaba vyake, na hayo huweza kupigiwa kelele bure. Ndiyo maana kipande kilichotuhumiwa hurudi maabarani kupimwa upya kwa PCR, kipimo kinachonakili kipande cha vinasaba mara nyingi hadi kionekane.

Linalonihangaisha zaidi ni mafunzo yenyewe. Aliyelelewa akisikia Kiunguja peke yake hataijua lafudhi ya Siu, kisiwani Pate, na programu iliyofunzwa kwa virusi vya mbali huweza kuvipita vya kwetu. Kilifi, jirani na sisi wa Malindi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamekuwa wakisoma jenomu za virusi kwa miaka, vikiwemo vya UVIKO-19. Kazi hiyo huanza na sampuli ya mtu mmoja. Ukiwa na homa, kipimo cha malaria kikasema huna, usirudi nyumbani ukanyamaza. Rudi kwa daktari, na ukiombwa sampuli ya utafiti, uliza itatumikaje hadi uridhike, kisha uamue.