Kwa nini modela ya gitaa inataka wati nyingi kuliko amplifaya ya valvu?

Je, wajua kwamba Kemper, kampuni ya Ujerumani iliyotoa modela yake ya gitaa mwaka 2011, ilipotengeneza toleo lenye amplifaya ndani iliweka wati 600? Namba hiyo inashangaza, maana amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za amplifaya za zamani) ya wati 50 inatosha kabisa kusikika mbele ya dramu na besi kwenye ukumbi wa kawaida. Sasa wati 600 za nini?

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Modela ni kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya, pedali na hata boksi la spika. Sauti inayotoka humo ni dhaifu, haiwezi kusukuma spika peke yake. Fundi mitambo akiipitisha kwenye mikisa ya ukumbi, hakuna tatizo. Lakini wapiga gitaa wengi wanataka spika yao nyuma yao, waisikie mgongoni, na hapo inahitajika pawa ampu, yaani amplifaya ambayo kazi yake ni kusukuma spika tu.

Siri ya wati iko kwenye namna amplifaya inavyoelemewa. Valvu ikizidiwa hukata vilele vya sauti taratibu. Mlio unakuwa mnene, na sikio linaona ni utamu, wala si kasoro. Tena wati 50 zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya ya valvu ni zile inazotoa ikiwa bado haijakwaruza, yaani sauti ikiwa bado safi. Ukiikaza zaidi hutoa zaidi ya hapo. Amplifaya ya transista, na hata zile nyepesi za kisasa za daraja D (aina ya amplifaya ya transista inayowaka na kuzima kwa kasi sana), haina upole huo. Ikifika mwisho wa nguvu zake inakata kilele ghafla, na kinachosikika ni ukali unaoumiza. Kwa hiyo ya transista huwezi kuitumia hadi mwisho. Lazima ubaki na akiba.

Akiba kiasi gani? Hapa jibu linategemea unapiga nini, na ndipo washauri wengi wanapowapoteza wapiga gitaa wetu. Ushauri mwingi hutoka kwa watu wa roki, ambao gitaa lao limekwaruzwa tangu ndani ya modela. Vilele vimeshakatwa humo, sauti imelala karibu sawa muda wote, na wati chache zinatosha kuifanya iwe kubwa. Gitaa safi ni jambo jingine. Solo la dansi, benga au sebene hupigwa kwa mlio mwangavu, kila uzi unadondoka kama tone la maji, na mwanzo wa kila pigo una kilele kirefu kabla sauti haijatulia. Kilele hicho kinaweza kupita wastani kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 12, ambazo ni nguvu mara 16 hivi. Kama wastani wako ni wati 6, kuna nukta ambapo unadai karibu wati 100. Zisipokuwepo, ule mwangaza wa solo unapotea na pigo linasikika butu. Ndiyo maana nasema bila kusita: anayepiga gitaa safi ndiye anayehitaji pawa ampu kubwa zaidi kuliko mwenzake wa roki.

Halafu kuna mtego wa omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Kwenye pakiti ya amplifaya ya transista imeandikwa wati 200, na kwa maandishi madogo chini yake, omu 4. Boksi nyingi za spika za gitaa ni omu 8 au 16. Amplifaya ya transista ikiunganishwa na omu 8 hutoa takriban nusu, wati 100. Kwenye omu 16 hubaki takriban 50. Ya valvu haina hasara hiyo, kwa sababu transfoma yake ya kutolea sauti ina matundu ya omu tofauti, nawe unachagua linalolingana na spika. Basi kabla ya kulipa uliza: wati ngapi kwenye omu za boksi langu?

Spika nayo ina neno. Vintage 30, spika ya gitaa ya kampuni ya Celestion, hutoa desibeli 100 kwa wati moja ukiwa mita moja. Spika ya desibeli 97 inahitaji wati mara mbili kufikia sauti ileile. Wakati mwingine kubadilisha spika kunaongeza sauti kuliko kununua amplifaya mpya. Ila angalia uwezo wake: Vintage 30 hubeba wati 60, Greenback ya kampuni hiyohiyo hubeba 25. Ukiifunga Greenback moja kwenye pawa ampu ya mamia ya wati, mkono mmoja mzito kwenye kitufe cha sauti unatosha kuiunguza.

Kosa ninalolisikia mara nyingi kwenye majukwaa, hata hivyo, halihusu wati. Ni kuiga spika mara mbili. Spika ya gitaa haipitishi sauti nyingi za juu kupita kilohezi 5 hivi, na modela inaiga uchujaji huo. Ukipeleka sauti iliyokwisha kuigiwa spika kwenye spika halisi ya gitaa, inachujwa mara ya pili na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Zima uigaji wa spika kwenye njia inayokwenda kwenye pawa ampu, uuache ukiwaka kwenye njia inayokwenda kwa fundi mitambo. Modela nyingi, kama Helix ya Line 6 au Axe-Fx ya Fractal Audio, zinakuruhusu kutenganisha njia hizo mbili. Kama spika yako ni ile pana inayopitisha kila kitu, kama monita ya jukwaani, basi uigaji uuache.

Kwa bendi inayosafiri, mimi ningechukua ya daraja D. Nyingine ni nyepesi kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa gitaa, wakati kichwa cha valvu cha wati 100 kinaweza kufika kilo 20 na valvu zake huchakaa. Kama ndugu anakuletea kutoka Marekani, mwambie asome nyuma ya kifaa kabla ya kulipa. Kikiwa kimeandikwa volti 120 peke yake, ukikichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 kitaungua siku hiyohiyo. Kinachofaa kimeandikwa 100 hadi 240, au kina swichi ya kuchagua.