Dirisha la ndani halijai? Acha kulipimia

Wanaoanza kutengeneza programu za madirisha kwa Java Swing huniuliza sana: mbona JInternalFrame yangu (dirisha la ndani) haijazi JDesktopPane (kontena linalobeba madirisha hayo)? Nikifungua msimbo wao, mara nyingi nakuta wamechukua getSize ya kontena wakaikabidhi setSize ya dirisha. Nami nilianza hivyo hivyo. Dirisha halikuonekana kabisa, nikadhani nimesahau setVisible. Nilipochapisha vipimo: upana 0, kimo 0.

Kontena lilikuwa bado halijapangwa. Ndani ya konstrakta fremu kuu haijapitia pack, inayopanga vipimo, wala kuonyeshwa, kwa hiyo hakuna kipimo cha kuazima. Hata ukikipata baadaye, ulichonakili ni namba tu. Mtumiaji akivuta pembe ya fremu kuu, kontena linapanuka, dirisha linabaki pale pale. Na JDesktopPane kwa kawaida haina msimamizi wa mpangilio, basi hakuna wa kulinyoosha kwa niaba yako.

Kinachotakiwa ni kuliambia dirisha liwe katika hali gani: ita setMaximum kwa thamani true. Kuanzia hapo, kila kontena linapobadilika ukubwa, Swing yenyewe hulipatia dirisha vipimo vipya. Ila fuata mpangilio: add, setVisible, ndipo setMaximum, maana dirisha lisilo na mzazi halina cha kujaza. Na setSize usiitupe. Ipe ukubwa wa maana kabla, kwa kuwa ndio dirisha litakaorudia mtumiaji akibonyeza kitufe cha kulirejesha.

setMaximum hurusha PropertyVetoException, yaani kosa la badiliko lililokataliwa, na wengi huishika kwa catch tupu. Sipendi. Msikilizaji yeyote aliyesajiliwa kwa addVetoableChangeListener anaweza kukataa badiliko, na siku hiyo utasaka kosa ulilolificha mwenyewe. Andika hata mstari mmoja wa logi.

Nje ya Java wazo ni lile lile: kwenye WinForms, maktaba ya madirisha ya .NET, weka MdiParent, kisha WindowState iwe Maximized; kwenye Qt, maktaba ya C++, ita showMaximized ya QMdiSubWindow.

Limebaki lile la upau wa kichwa, ambao hauondoki hata dirisha likijaa. Ipo hila ya kuichukua BasicInternalFrameUI, inayochora dirisha hilo, na kuipa setNorthPane thamani null. Inafanya kazi mpaka programu ibadilishiwe mwonekano, upau unarudi. Ukishafika huko, nadhani hukuhitaji dirisha la ndani tangu mwanzo. Weka JPanel, paneli ya kawaida, katikati ya msimamizi wa mpangilio BorderLayout, au kadhaa ndani ya CardLayout inayoonyesha moja baada ya nyingine, nazo hujaa bila kuombwa.