Je, wajua kwa nini miji minne ya Massachusetts ilifutwa kabla maji hayajaifikia?

Usiku wa tarehe 27 Aprili 1938, kikosi cha zimamoto cha Enfield, mji mdogo uliokuwa katikati ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kiliandaa dansi ya kuagana katika ukumbi wa mji. Watu walifika kwa wingi hata ukumbi haukuwatosha, na wengi wakabaki nje. Ilipotimu saa sita bendi ilipiga wimbo wa kuagana ambao Wamarekani huuimba wanapoufunga mwaka, na gazeti la siku iliyofuata likaandika kwamba kwikwi zilisikika ukumbini na wanaume wazima walitoa leso zao bila kuona haya. Dakika moja baadaye, tarehe 28 Aprili ilipokuwa imekwisha kuingia, miji minne ya bonde la mto Swift, yaani Dana, Enfield, Greenwich na Prescott, ilikoma kuwapo kisheria.

Linaloshangaza katika habari hii ni kwamba usiku ule bwawa la Quabbin, ziwa la maji ya kunywa ambalo lingelifunika bonde hilo, halikuwapo bado. Mto Swift ulikuwa ungali ukipita bondeni, na maji hayakuanza kupanda hadi tarehe 14 Agosti 1939. Kwa nini basi miji ifutwe zaidi ya mwaka mzima kabla ya kufunikwa? Jibu ni kwamba maji yalikuwa mgeni wa mwisho kufika. Miji ile ilidhoofishwa kwanza na miaka zaidi ya 40 ya kusubiri, ikavunjwa na sheria, ikamalizwa na mashoka na moto. Ziwa lilipokuja lilikuta bonde tupu.

Kiu iliyoanzisha haya yote ilikuwa ya Boston, mji mkuu wa jimbo, ulioko pwani, umbali wa kilomita 105 hivi kuelekea mashariki. Tangu mwaka 1848, ulipoanza kuvuta maji kutoka ziwa Cochituate, Boston ulikuwa na desturi moja: kila maji yalipopungua au kuchafuka, wahandisi walisogea mbali zaidi upande wa magharibi kutafuta mto safi, badala ya kusafisha mito ya karibu. Walikwenda mto Sudbury, kisha mto Nashua, ambako bwawa la Wachusett lilijaa mwaka 1908 na kumeza sehemu za miji ya Boylston na West Boylston. Desturi hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa maji yanayotoka kwenye vilima vyenye misitu na watu wachache hayahitaji kuchujwa kwa gharama kubwa, na yakitoka mahali palipoinuka hujiendea yenyewe mpaka mjini bila pampu. Hata hivyo, kila hatua ya kwenda magharibi ilikuwa hatua ya kuingia katika uwanja wa mtu mwingine.

Ukilitazama bonde la Swift kwa jicho la mhandisi, utaelewa kwa nini lilitamaniwa. Lilikuwa pana, limezungukwa na vilima kama beseni, na maji yake yalitokea kusini kupitia nafasi mbili tu: ile ulimopita mto wenyewe, na nyingine ndogo zaidi kilimopita kijito cha Beaver. Ukiziba nafasi hizo mbili, bonde zima linajaa. Zaidi ya hayo, uso wa ziwa litakalopatikana ungekuwa na kimo cha mita 161 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani mita 40 juu ya bwawa la Wachusett, hivyo maji yangeweza kupita katika handaki la mwamba lenye urefu wa kilomita 40 yakivutwa na mteremko peke yake. Na kulikuwa na hesabu nyingine, ambayo naiona kuwa ndiyo iliyoamua. Bonde zima lilikuwa na watu wapatao 2,500, ilhali Boston pekee, bila kuhesabu miji iliyouzunguka, ulikuwa na watu karibu 750,000 kufikia mwaka 1920. Katika bunge la jimbo, upande mmoja haukuwa na kura za kuuzuia mwingine.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye neno mji, maana msomaji anaweza kudhani tunazungumzia maghorofa na barabara za lami. Katika Massachusetts mji ni eneo la utawala lenye mashamba, misitu na vijiji kadhaa, na wakazi wake hukutana katika mkutano mkuu kupanga kodi, shule na barabara zao wenyewe. Greenwich uliandikishwa mwaka 1754, kabla Marekani haijawa nchi. Dana ulifuata mwaka 1801, Enfield mwaka 1816 na Prescott mwaka 1822. Watu wa Dana walijulikana kwa kusuka kofia za majani ya miti jamii ya mitende yaliyoletwa kutoka ng'ambo, kazi ambayo msusi yeyote wa mikeka na makawa wa pwani yetu angeielewa mara moja. Greenwich walikata barafu kwenye maziwa yao wakati wa baridi na kuipeleka mijini, na Enfield walikuwa na viwanda vya nguo vilivyoendeshwa na mto. Reli moja ilipita bondeni kutoka Athol hadi Springfield, nayo ikaitwa Sungura kwa jinsi treni ilivyosimama kila baada ya hatua chache, kana kwamba inarukaruka.

Mwaka 1895 ripoti ya Halmashauri ya Afya ya jimbo, iliyopendekeza bwawa la Wachusett, ililitaja pia bonde la Swift kuwa chanzo kitakachofaa siku za usoni. Hakuna aliyefukuzwa siku hiyo, na wala hakuna aliyelipwa. Lakini tangu wakati huo kila mtu aliyetaka kuweka paa jipya, kununua mashine au kumwachia mwanawe shamba alikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: je, patakuwapo? Mwaka 1922 ripoti nyingine, iliyosukumwa na mhandisi X. Henry Goodnough, iliitaja Swift waziwazi kama chaguo bora. Wapo wataalamu waliosema kwamba mito ya karibu na Boston ingetosha iwapo ingechujwa, ila hawakushinda. Wapimaji ardhi walikuwa wakitembea mashambani na vigingi vyao, na mwenye mali aliyetaka kuuza hakumpata mnunuzi isipokuwa serikali yenyewe.

Kwa maoni yangu, sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote, ingawa haina picha ya kusisimua kama ile ya kijiji kilicho chini ya maji. Bei ya shamba lililotabiriwa kuzama hushuka kwa sababu ya utabiri wenyewe, kisha serikali inapokuja kununua, hununua kwa bei ile iliyoshuka. Vijana huondoka kwanza, duka linakosa wateja, na kila familia inayohama huwapunguzia waliobaki sababu ya kubaki. Prescott ulikuwa na watu zaidi kidogo ya 200 mwaka 1920. Mwaka 1930 hawakufika 50. Sheria ya Mto Swift ilipopitishwa mwaka 1927, ikatenga dola milioni 65 na kuipa Tume ya Maji ya Metropolitani mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, wengi walikuwa wamekwisha kuchoka kupinga. Upinzani mkubwa wa kisheria ulitoka nje ya bonde, katika jimbo jirani la Connecticut, lililolalamika kwamba maji ya mto wake yatapunguzwa. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1931 kwamba Massachusetts inaweza kuendelea.

Kazi ya kuliandaa bonde ilichukua karibu miaka kumi, na lengo lake lilikuwa moja tu: maji ya kunywa yasiguse kitu chochote kinachooza. Nyumba zilizofaa zilinunuliwa na kuhamishwa nzimanzima au kwa vipande. Kanisa moja la Prescott lilivushwa hadi South Hadley, ambako bado limesimama. Nyingine zilibomolewa, mbao zikauzwa, mashimo ya misingi yakabaki. Treni ya Sungura ilisafiri kwa mara ya mwisho mwaka 1935. Kisha makundi ya wanaume wasio na kazi, wengi wao kutoka Boston, yaliletwa kukata miti na vichaka vyote vilivyokuwa chini ya mstari wa maji, na wenyeji, waliowaona wageni hao hawajui hata kushika shoka, wakawaita vigong'ota. Moshi wa magogo ulifunika bonde kwa miezi mingi. Ndiyo maana simulizi maarufu kwamba siku ya utulivu mtu akiwa ndani ya mashua anaweza kuona mnara wa kanisa chini ya maji si ya kweli. Hakuna mnara uliobaki. Zipo barabara, kuta za mawe na misingi.

Wafu nao walihamishwa. Makaburi 7,613 yalifukuliwa kutoka viwanja 34 vya maziko, na mengi yakapelekwa katika eneo jipya la makaburi lililoandaliwa na Tume mjini Ware, nje kidogo ya ukuta wa bwawa, pamoja na mawe yao ya majina na minara ya kumbukumbu za vita ya miji yote minne. Ukienda leo utaona mawe ya karne ya 18 yamepangwa kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, majirani wa zamani wakiwa majirani tena, katika ardhi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuilima. Kuna waliosema kwamba kumtazama mfukuaji akilifungua kaburi la mama kulikuwa kugumu kuliko kuitoa nyumba, na mimi sioni namna ya kulipinga neno hilo.

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Kwa kuwa katika Massachusetts kila kipande cha ardhi lazima kiwe ndani ya mji fulani, Tume haikuweza kuiacha miji ife kimyakimya. Mji usio na wakazi hauna wa kuitisha mkutano, hauna wa kukusanya kodi, wala hauna wa kuendesha shule au kutunza barabara. Ilibidi sheria iifute miji yote minne kwa siku moja na kuigawa ardhi yake kwa majirani: sehemu kubwa ya Dana ikaenda Petersham, Prescott ikaingia New Salem, na Enfield na Greenwich zikagawanywa kati ya Belchertown, Ware, Hardwick na miji mingine. Hivyo tarehe 28 Aprili 1938 ni ya makaratasi, iliyowekwa kwa ajili ya usimamizi wa ardhi, na haina uhusiano na kimo cha maji.

Wakati huohuo ukuta wa bwawa ulikuwa ukipanda. Wajenzi walizamisha masanduku makubwa ya zege mpaka kwenye mwamba ili kuzuia maji yasipenye chini, kisha wakamwaga juu yake udongo uliochanganywa na maji, ukajipanga wenyewe: mchanga na kokoto zikabaki pembeni, na chembe laini zikatuama katikati na kuwa kiini kisichopitisha maji. Ukuta mkuu una urefu wa mita 800 na kimo cha zaidi ya mita 50 kutoka sakafu ya mto, na ulipewa jina la mhandisi mkuu Frank E. Winsor, aliyefariki Januari 1939, miezi michache kabla ya mto kuzibwa. Tuta la pili, lililoziba kijito cha Beaver, lilipewa jina la Goodnough. Ziwa lilichukua miaka saba kujaa, likafurika kwa mara ya kwanza mwaka 1946. Linaitwa Quabbin, neno kutoka lugha ya Wanipmuc, wenyeji wa awali wa bonde hilo, lenye maana ya mahali penye maji mengi. Lina eneo la takriban kilomita za mraba 100 na hubeba galoni bilioni 412, zaidi ya lita trilioni 1.5, na vilele vya vilima vya zamani sasa ni visiwa.

Watu wapatao milioni 3 wa Boston na miji iliyo karibu hunywa maji kutoka Quabbin na Wachusett, na maji hayo mpaka leo hayapitishwi kwenye chujio, kwa sababu msitu ulioota tena katika mashamba ya zamani huyalinda. Tai wenye vichwa vyeupe walirudishwa huko mwaka 1982. Ukame wa miaka ya 1960 ulipoishusha akiba hadi asilimia 45 mwaka 1967, barabara za zamani zilionekana tena, na Boston ukaanza kuutazama mto mwingine wa magharibi zaidi, mto Connecticut. Safari hii desturi ya zamani ilivunjika. Mamlaka mpya ya maji iliyoundwa mwaka 1985 iliziba mabomba yaliyokuwa yakivuja na kuwasaidia wateja kupunguza matumizi, na mahitaji yakashuka kutoka zaidi ya galoni milioni 300 kwa siku hadi karibu milioni 200. Mpango wa kuuchepusha mto Connecticut ukawekwa kando.

Katikati ya Dana palikuwa juu kidogo ya mstari wa maji, kwa hiyo nyumba zilibomolewa lakini ziwa halikufika. Mgeni akipita Geti namba 40 kwa miguu, hufika kwenye uwanja wa nyasi uliozungukwa na mashimo ya misingi, na hukuta jiwe lililoandikwa kwamba hapa ndipo ulipokuwa mji wa Dana. Kwa miaka mingi wazaliwa wa bonde, na baada yao watoto na wajukuu, wamekuwa wakikutana hapo mwezi Julai, wakila pamoja kwenye nyasi na kuonyeshana ni shimo gani lilikuwa nyumba ya nani.